Baridi hii ya likizo: hita ya umeme, ya gesi, jiko la mkaa au chupa ya maji ya moto?

MamaWanne | Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Wakuu, habari za likizo. Naandika nikiwa nimejitanda blanketi mabegani, na hii ni saa nne, jua limeshatoka. Baridi ya safari hii si ile tuliyoizoea. Nina kipimajoto kidogo ukutani sebuleni. Alfajiri kilisoma nyuzi 11, humu humu ndani, milango imefungwa. Nyumba imejaa wageni wa likizo, watoto wanalala chini kwenye magodoro, na mama mkwe wangu ana miaka 78. Jana usiku nilimkuta kakaa kitandani na soksi jozi mbili, ncha za vidole zimekuwa rangi ya majivu. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Akanijibu, "Sijambo mwanangu, usijisumbue." Nililala nalo jibu hilo mpaka kukakucha.

Leo nataka kununua kitu kabla jua halijazama. Mume wangu anataka hita ya umeme. Shemeji anasema gesi, kwa sababu umeme hauaminiki. Wifi yangu anasema tunapoteza hela bure, jiko la mkaa lipo, liwashwe nje mpaka moshi uishe, kisha liingizwe chumbani. Mimi moyo wangu uko kwenye zile chupa za mpira za maji ya moto na mablanketi zaidi, lakini sijui kama zinamtosha mtu wa umri ule. Naomba mnilinganishie, hasa mliozitumia wenyewe.

Jambo la pili, kwenye kundi la familia habari zinamiminika. Moja inasema dunia imekwenda mbali na jua ndiyo maana tunaganda, na kwamba magonjwa yanakuja. Nyingine inasema baridi kama hii haijawahi kutokea. Watoto wanasoma na wanaogopa. Mwenye elimu ya haya naye atuambie.

FundiWaya | saa 4:52 asubuhi

Dada, nimefunga nyaya za nyumba kwa miaka 19, kwa hiyo nianze na umeme.

Usiuziwe maneno dukani. Hita ya wati 2000 inatoa joto la wati 2000, iwe ya feni, ya mafuta, au ile ya vijiti vyekundu. Hakuna inayotoa zaidi kwa umeme uleule. Tofauti iko kwenye namna joto linavyokufikia. Ya feni inapasha hewa haraka, lakini ukiizima, dakika chache tu chumba kimerudi pale pale. Ya vijiti vyekundu inampasha aliyekaa mbele yake, mgongo unabaki baridi, na blanketi likidondokea pale linawaka. Ya mafuta ni ya polepole, inahitaji kama nusu saa kuchangamka, ila ukiizima inaendelea kutoa joto kwa muda, haina kelele, na hakuna chuma chekundu kilicho wazi. Mafuta yenyewe yamefungwa ndani, hayachomwi wala hayaongezwi. Kwa chumba cha mzee aliyelala, mimi nachagua hiyo.

Sasa hesabu. Wati 2000 ikiwaka mfululizo kwa saa 8 ni uniti 16 kwa usiku mmoja. Yenye kidhibiti joto itakuwa inajizima na kujiwasha, kwa hiyo itakula pungufu, lakini chumba kikiwa na nyufa nyingi haitajizima kabisa. Blanketi la umeme la wati 100 kwa saa hizo hizo ni uniti 0.8. Ona tofauti: moja inapasha hewa ya chumba kizima, nyingine inampasha mtu. Na aliye na kiyoyozi chenye kazi ya kupasha joto aijaribu kabla hajanunua chochote, maana chenyewe hakizalishi joto, kinalihamisha kutoka nje. Kwa uniti 1 kinaweza kuingiza joto la uniti 3 hivi, ingawa nje kukizidi kupoa uwezo huo unashuka.

Hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Soketi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230 inabeba karibu wati 3000 mwisho. Ukiweka hita na birika la umeme kwenye ekstensheni moja, umeshavuka. Na waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu lake hauna pa kutolea joto, unayeyukia ndani bila wewe kuona. Fanya hivi: hita ikishawaka nusu saa, shika plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima hapo hapo, soketi imelegea. Wiki hii peke yake nimefungua soketi nne za namna hiyo, plastiki ya ndani imegeuka kahawia na skrubu inazunguka kwa kidole.

MzeeKibarazani | saa 5:20 asubuhi

Wanangu, sisi tumelelewa na jiko la mkaa. Baridi ikizidi linawashwa nje, likishashika na moshi ukaisha linaingizwa, dirisha linaachwa wazi kidogo, watu wanalala. Tumekua, tumezaa, tupo. Uniti 16 kwa usiku mmoja ni za nani? Wifi yako hajakosea.

Kisima | saa 5:31 asubuhi

Na mimi nafuatilia uzi huu. Tuko tisa kwenye vyumba viwili, umeme unakatika kila jioni, mkaa upo gunia zima. Nilikuwa nimeshaamua kufanya kama mzee alivyosema.

SistaWaZamu | saa 5:58 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima, na kwa hofu pia, kwa sababu ya alichoandika Kisima hapo juu.

Unaoua si ule moshi unaouona. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, unaendelea kutoa kaboni monoksidi kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ukiivuta, damu inaing'ang'ania kwa nguvu inayozidi mara 200 ya inavyoishika oksijeni, kwa hiyo hata kikiwa kiasi kidogo hewani, ukikilalia saa nyingi kinajaa mwilini. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu. Aliyelala hasikii hata kimoja cha hivyo.

Likizo moja, nikiwa zamu ya asubuhi, waliletwa ndugu watatu waliolala chumba kimoja. Jiko lilikuwa karibu na mlango, dirisha limeachwa wazi upana wa kiganja. Mkubwa ndiye aliyeamka. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akajikokota kwa viwiko mpaka mlangoni na kuugonga kwa kichwa. Viwiko vile nilivisafisha mimi; vilikuwa vimechubuka mpaka nyama. Wawili walipona baada ya kukaa na oksijeni saa nyingi. Mdogo hakupona.

Mzee, umesema mlilala na jiko na mpo, nami naamini. Lakini nyumba nyingi za zamani zilikuwa zinapumua, kwenye paa, juu ya kuta, chini ya mlango. Za leo zina vioo, dari na milango inayobana, na baridi ikija tunaziba hata pale palipobaki na matambara. Hewa inayobaki humo si ile mliyoivuta ninyi.

Wapo pia wanaowasha mshumaa wakisema ukizimika watajua hewa imeharibika. Mshumaa hauitambui sumu hii. Unaendelea kuwaka mtu ameshazimia.

Kisima, nakuomba. Na yeyote ambaye watu wa nyumba yake wameamka wote wanaumwa kichwa, na kichwa kinapoa wakitoka nje: msitafute vidonge. Tokeni wote, fungueni milango, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

MzeeKibarazani | saa 6:15 mchana

Marahaba binti yangu. Nimekusoma mara mbili. Kuna msiba mmoja wa zamani nimeukumbuka, tulioambiwa ni ugonjwa wa ghafla, na sasa siuoni tena vile nilivyokuwa nikiuona. Lakini nijibu hili: asiye na umeme, na baridi ni hii, afanye nini? Mkaa ndio alio nao.

SistaWaZamu | saa 6:22 mchana

Autumie, mzee. Jiko libaki nje, lichemshe maji, na maji ndiyo yaingie ndani.

ChumbaKimoja | saa 6:47 mchana

Hapo sista umenigusa, maana hivyo ndivyo ninavyoishi. Nimepanga chumba kimoja, sina hita, na mwaka huu nimelala vizuri kuliko mwaka jana. Dada MamaWanne, wewe uliyesema moyo wako uko kwenye chupa, nisikilize kwa makini, kwa sababu chupa ikitumiwa ovyo inaunguza.

Maji yanashika joto kuliko karibu kitu chochote ulicho nacho nyumbani. Lita moja na nusu kuipasha kwa birika la umeme inachukua kama uniti 0.15. Linganisha na zile 16 za fundi. Usimimine maji yanayotokota; yaache yapoe dakika chache. Jaza theluthi mbili tu, kisha ibane chupa taratibu mpaka uone maji yamefika shingoni na hewa yote imetoka, ndipo ufunge. Igeuze kichwa chini juu ya beseni kabla hujaipeleka kitandani. Ivishe mfuko wake au ifunge taulo. Iingize chini ya mablanketi nusu saa kabla ya kulala, katikati ya kitanda, halafu ukipanda isukume miguuni.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii: kwenye mpira wa chupa nyingi, karibu na shingo, kuna alama ya ua. Namba iliyo katikati ni mwaka iliyotengenezwa, petali ni miezi, na vitone ndani ya petali ni wiki. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Ikishavuka miaka miwili hivi tangu ianze kutumika, itupe. Ukiukunja mpira ukaona mistari kama ya kiganja cha mkono, usisubiri hata hiyo miaka miwili.

Halafu watoto wanaolala chini. Watu wanarundika mablanketi juu, lakini baridi ya sakafu ya saruji inapanda kutoka chini, na godoro jembamba likikandamizwa na uzito wa mwili halina hewa tena ndani yake. Kinachotukinga na baridi ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Ukiwa na mablanketi mawili, moja liweke chini ya mtoto. Chini ya godoro tandika maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, tabaka mbili au tatu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilidhani nina homa.

Nguo nazo, nyembamba tatu zinashinda nene moja. Na usilale na ile uliyoshinda nayo, hasa ya pamba, maana pamba inakunywa jasho na ikilowa inakupoza. Sufu inaweza kunywa unyevu mwingi na bado ikawa na joto. Kofia vaa. Ile kauli kwamba nusu ya joto la mwili linatokea kichwani si kweli. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya mwili na kinapoteza kadiri yake. Lakini kitandani ndicho peke yake kilicho nje ya blanketi.

MwenyeMtungi | saa 7:30 mchana

Niwaletee ya gesi, kwa kuwa hakuna aliyeigusa na shemeji wa dada ameitaja.

Mimi ninayo. Inapasha haraka mno na haijali umeme kukatika, hilo siwezi kuliondoa. Ila ina mambo mawili. Kwanza, kila kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua inatoa mvuke unaozidi lita moja na nusu ya maji, na maji hayo yanabaki chumbani. Asubuhi ya tatu nilikuta madirisha yanatiririka, shuka za upande wa ukutani zina unyevu, na baada ya wiki mbili kona nyuma ya kabati imeota ukungu mweusi. Mtoto wangu mwenye pumu alianza kukohoa usiku. Pili, inakula oksijeni ya chumba na ikiungua vibaya inatoa sumu ileile aliyoieleza sista, kwa hiyo lazima uache pa kupitisha hewa, na ukishapaacha joto lako linaishia nje. Kulala huku inawaka, hapana.

Na kwa walio kwenye baridi ya kugandisha maji: msishangae mtungi ukiwa mzito lakini moto hauwaki. Gesi ya butani haigeuki mvuke ikishuka chini ya sifuri. Inahitaji zaidi ya nyuzi -0.5. Propani inaendelea mpaka -42. Mtungi wenye mchanganyiko, propani ikitangulia kuisha, kinachobaki kinalala ndani kama maji. Msiupashe kwa moto, tafadhali.

Kwa chumba cha mzee wa miaka 78, gesi nisingeiweka. Kwa sebule, saa moja ya jioni watu wakiwa macho, naikubali.

MwalimuWaRamani | saa 8:05 mchana

Naomba nilishike lile swali la pili, kwa sababu watoto wanaoogopa ni wanafunzi wangu, popote walipo.

Ujumbe wa dunia kwenda mbali na jua unarudi karibu kila mwaka, unabadilishwa tarehe tu. Unadai kwamba kwa kawaida jua liko kilomita milioni 90 kutoka kwetu na sasa limefika milioni 152. Namba ya pili ni ya kweli, ya kwanza ni ya uongo, na ndiyo maana unashawishi. Umbali wa wastani ni kilomita milioni 149.6. Dunia inafika karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama milioni 147.1, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152.1. Tofauti nzima haifiki hata asilimia 4. Na kama umbali ndio ungeleta baridi, Ulaya wangeganda Julai na kuota joto Januari. Kinacholeta majira ni dunia kuzunguka ikiwa imeinama nyuzi 23.4. Wasomeeni watoto namba hizi kwa sauti. Hofu ya mtoto hupungua akipewa hesabu anayoweza kuifanya mwenyewe.

Kwa nini basi usiku ni mkali na mchana jua linawaka? Tazameni juu saa mbili usiku. Mawingu ni blanketi la ardhi. Anga likiwa jeupe, kavu na upepo umetulia, joto lote la mchana linapaa bila kizuizi, na alfajiri ndipo tunapolilipa.

Kuhusu "haijawahi kutokea": nikikutana na maneno hayo kwenye kichwa cha habari natafuta maneno mawili tu, "tangu lini". Kituo cha hali ya hewa kilichofunguliwa miaka 20 iliyopita kinaweza kuvunja rekodi ambayo babu yangu angeicheka. Mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, vumbi na gesi zake zikalifunika jua, na mwaka 1816 theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani, mazao yakafa mpaka Ulaya. Wakauita mwaka usio na kiangazi. Sisemi baridi yetu ni ndogo, vidole vya yule mama ni ushahidi. Nasema mwandishi anayeandika "haijawahi" bila kutaja kumbukumbu zimeanza mwaka gani hajamaliza kazi yake.

KijanaMbishi | saa 8:19 mchana

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa nikatae. Kila siku kwenye taarifa ya habari tunaambiwa dunia inazidi kupata joto. Nimetoka kuvunja barafu kwenye ndoo ya maji uani. Nani aniambie nisiamini macho yangu?

MwalimuWaRamani | saa 8:40 mchana

Yaamini. Ila ndoo yako inapima uani kwako.

Januari 2025 theluji ilianguka New Orleans, kusini kabisa mwa Marekani, kama sentimita 20 kwa siku moja, mahali ambapo watu hukaa miaka bila kuiona. Waliopiga picha hawakudanganya. Mwezi huo huo, vipimo vya dunia nzima vilipojumlishwa, ulikuwa Januari yenye joto kuliko Januari zote zilizowahi kurekodiwa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu hewa ya baridi ya ncha ya kaskazini haikuongezeka, ilihama. Juu ya ncha ile kuna mzunguko mkubwa wa pepo unaoizuilia hewa baridi kama ukingo wa bakuli. Mzunguko ukilegea au kuvutwa umbo, hewa ile inamwagika kusini, na kwao huko kaskazini kunabaki na joto lisilo la kawaida. Habari inayokuonyesha aliyemwagikiwa tu, bila kukuonyesha bakuli, inakupa nusu. Na mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kuliko yote iliyopimwa, kama nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900 kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Mimi lawama yangu naiweka kwa vyombo vinavyotangaza habari mbili hizi siku mbili tofauti kana kwamba hazijuani. Mtazamaji anabaki achague upande.

FundiWaya | saa 9:12 alasiri

Mwalimu ametaja Marekani, nami niongeze habari moja ambayo sisi mafundi hatuisahau. Februari 2021, Texas. Baridi ilishuka jimbo zima, kila nyumba ikawasha hita kwa pamoja, mitambo ikaganda, visima vya gesi na mabomba yake vikaganda, na gesi hiyo ndiyo iliyokuwa inalisha mitambo ya umeme. Nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Jimbo lilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, ndani ya nyumba zao, na wapo waliokufa kwa kaboni monoksidi baada ya kuingiza moto ndani au kuwasha gari gereji ili wapate joto.

Hilo ni jimbo tajiri kwa mafuta na gesi. Ndiyo maana simshauri mtu ategemee kitu kimoja kinachotoka kwenye waya. Hita nunua, lakini chupa na mablanketi yawepo.

SistaWaZamu | saa 10:30 jioni

Kabla hujatoka kwenda dukani, dada, kuhusu mama mkwe.

Mwili wa mzee hauisikii baridi vizuri kama wetu, kwa hiyo "sijambo" yake si kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani ya nyumba kusishuke chini ya nyuzi 18, na chumba cha mzee kinaweza kuhitaji zaidi. Weka kile kipimajoto chumbani kwake, sebuleni hakina kazi. Baridi pia inabana mishipa na kupandisha presha. Mkono uingize chini ya nguo, tumboni au mgongoni. Pakiwa baridi, na maneno yake yakianza kuvutika, au akiwa anatetemeka kisha akaacha kutetemeka bila kupata joto, hapo mwili umeshuka chini ya nyuzi 35, mpelekeni hospitali. Asisuguliwe, asitiwe kwenye maji ya moto ghafla, na asipewe pombe, maana inafungua mishipa ya ngozi, anahisi joto huku joto la ndani linatoka.

Ana kisukari? Kama anacho, chupa ya maji ya moto ipashe kitanda tu, na iondolewe kabla hajapanda. Miguu yake inaweza kuungua bila yeye kusikia. Watoto wachanga nao hakuna chupa wala mablanketi mazito kitandani. Wavisheni nguo zenye mikono na miguu, na wapimeni kwa kugusa shingo nyuma, viganja vyao siku zote ni baridi.

MamaWanne | Jumanne, saa 1:25 asubuhi

Wakuu, nimesoma yote kwa sauti sebuleni jana, wifi yangu akiwepo. Ilipofika habari ya wale ndugu watatu alinyamaza, akaenda mwenyewe kulitoa jiko lililokuwa tayari karibu na mlango wa chumba cha watoto. Lilikuwa limeshawekwa. Nilikuwa sijui.

Tulinunua hita ya mafuta moja, ndogo, ya wati 1000, na chupa mbili za mpira. Ile ya kwanza niliyopewa dukani nikatafuta ua lake: katikati ilikuwa na miaka minne tayari. Muuzaji mwenyewe hakuwa anaijua alama hiyo. Akatafuta nyuma ya rafu mpaka akapata za mwaka jana.

Mama hana kisukari. Hita ikawashwa kwake kuanzia saa moja, plagi nimeishika, vuguvugu. Chupa moja miguuni, kofia ya sufu, blanketi moja nikalihamishia chini yake. Watoto tumewatandikia maboksi. Nimeamka saa tisa na saa kumi na moja kuangalia. Sebuleni palikuwa nyuzi 10, chumbani kwake 18 na nusu.

Asubuhi nimemkuta amekaa kibarazani, soksi jozi moja. Vidole nimevishika vyote kumi.

Kisima | saa 1:40 asubuhi

Dada, hizo chupa bado zipo dukani? Sisi usiku tumejaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, moja imejikunja na kuvuja.

ChumbaKimoja | saa 1:44 asubuhi

Kisima, za plastiki nyembamba acha, zinalegea kwenye maji ya moto. Kama za mpira hazipo karibu, tumia ya chuma yenye mfuniko wa kukaza, si ile ya kuta mbili inayotunza joto ndani, ya ukuta mmoja. Ifunge taulo nene mara mbili. Na maboksi chini ya magodoro, leo leo.

Kisima | saa 1:46 asubuhi

Ya chuma ipo moja. Maboksi naenda kuyaomba sasa hivi. Jiko limelala nje.